Mtoto wa marehemu rafiki yangu ameniuliza mamake alikufa siku gani

Mpendwa Mshauri,

Assalamu alaikum. Nimekuwa nikiisoma safu hii kwa miaka mingi bila kudhani kwamba siku moja nami ningehitaji kukuandikia. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, fundi wa cherehani, nimeolewa na nina watoto watatu. Sasa naishi Kisauni, lakini nilizaliwa na kulelewa Mji wa Kale, na jambo linalonikosesha usingizi limeanzia huko.

Nilikuwa na rafiki ambaye hapa nitamwita S. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na kichochoro chembamba kiasi kwamba mama zetu walikuwa wakipeana chumvi dirishani. Tulianza chuo cha Kurani pamoja kwa mwalimu mmoja, tukaingia darasa la kwanza siku moja. Mamake, ambaye nami humwita Mama, alikuwa mpishi wa mabuyu, na mpaka leo ndiyo kazi yake. Ncha za vidole vya S. hazikutoka rangi nyekundu utoto wake wote, na kuna mwalimu aliyewahi kumchapa akidhani amejipaka rangi ya kucha.

Tulipokuwa na miaka 18 tulichanga pesa, tukaenda Biashara Street kununua doti moja ya leso, tukaikata, kila mmoja akachukua upande wake. Jina lake lilikuwa «Sisi sote abiria, dereva ni Mungu». Tulilichagua kwa mzaha, kwa sababu asubuhi ile utingo wa matatu alikuwa ametutoza nauli mara mbili, na tulicheka njia nzima hadi Marikiti. Upande wangu ninao mpaka leo, umo sandukuni.

S. alifariki akiwa na miaka 24. Alijifungua mtoto wa kike hospitalini Jumamosi jioni, akavuja damu usiku, na alfajiri ya Jumapili alikuwa hayupo tena. Mimi asubuhi ile nilikuwa nimempikia uji wa pilipili manga, nikautia katika chupa ya chai, nikaenda nao. Nilimkuta kakake langoni. Nilirudi nyumbani na chupa ile ikiwa bado moto. Sikuwahi kumwahidi lolote kuhusu mtoto; hapakuwa na wakati wa kuahidiana.

Mtoto alilelewa na bibi yake. Babake alikwenda Uarabuni kufanya kazi, akaoa huko, na pesa zake huja kama mvua ya kiangazi. Mimi nimekuwa nikimtumia Mama shilingi 5,000 kila mwezi, mbali na sare, vitabu na nguo za Idi, ambazo huzishona mwenyewe. Sijutii hata shilingi moja.

Lakini mtoto huyu ameambiwa tangu utotoni kwamba mamake alikufa kwa malaria, yeye akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Mama ndiye aliyeamua hivyo, ili mjukuu wake asikue akijiona ndiye aliyemwua mamake. Jamaa waliafiki, majirani wakaafiki, nami sikuulizwa, lakini sikupinga, na kila mara mtoto alipoyataja hayo nilitikisa kichwa kuitikia.

Sasa ana miaka 12, yuko gredi ya 7. Kazi ya mume wangu imepungua sana, na kifungua mimba wangu anaingia shule ya upili. Siwezi tena kutoa kama nilivyokuwa nikitoa. Kwa hiyo nilimpelekea Mama fomu ya basari, ambayo inataka nakala ya cheti cha kifo cha mzazi. Mama aliposikia hivyo uso wake ulibadilika. Alisema, «Cheti hicho hakitoki kabatini, na mtoto hasomi basari kwa kifo cha mamake.» Najua kinachomwogopesha. Katika karatasi ile kuna tarehe, na kuna sababu ya kifo, na mtoto anaijua siku aliyozaliwa.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kuwatembelea, nikaketi na mtoto sakafuni tukipakia mabuyu katika vikaratasi. Alikuwa akihesabu mbegu moja moja, vidole vyake vyekundu vilevile vya mamake. Bila kuinua macho akaniuliza, «Khalati, mimi nilizaliwa usiku au mchana?» Nikamwambia jioni. Akafunga vikaratasi viwili vitatu, kisha akauliza, «Na mama alikufa siku gani? Kwa nini siku yangu ya kuzaliwa Bibi hujifungia chumbani?» Nilimwambia sikumbuki vyema. Akaniangalia, akasema, «Wewe hukumbuki?» Hakusema zaidi.

Mume wangu anasema siri ina wenyewe, nitoe ninachoweza na ulimi wangu niuweke ndani. Dadangu anasema uongo ni uongo hata ukiwa mtamu. Mimi najiona nimemdhulumu S., kwa sababu binti yake anamjua kwa picha moja ukutani na ugonjwa ambao hakuwa nao. Nikisema, nitavunja nyumba ya mwanamke aliyenilea. Nikinyamaza, nitamwambia nini mtoto atakapojua? Na hizi pesa zilizopungua nizielezeje bila kuonekana kwamba nimechoka na urafiki?

Khalati asiyelala, Kisauni


MSHAURI ANAJIBU

Waalaikumu salaam, mwanangu, na pole kwa msiba ambao watu wamekwisha acha kukupa pole. Nasema hivyo kwa makusudi. Mtu anapofiwa na mume au mzazi, kwetu Mombasa hupikiwa, husomewa khitma, huja watu wakamkalia matangani. Lakini anapofiwa na rafiki yeye ni mmoja wa wanaopika na kutandika mikeka, na hakuna anayekumbuka kumuuliza amelalaje. Barua yako yote inazungumzia wengine, nayo ile chupa ya uji imepita katika sentensi mbili. Nimeziona sentensi hizo, na ningependa wewe pia uzione.

Umeniletea mambo mawili, pesa na siri, na umeyaandika kana kwamba yamekutana kwa bahati mbaya kwa sababu ya fomu. Nadhani yalikuwa pamoja tangu mwanzo. Kwa miaka 12 umekuwa ukitoa kila mwezi bila kukosa, na kwa miaka hiyo hiyo umekuwa ukinyamaza. Na sina hakika kwamba kutoa kwako hakukuwa, kwa kiasi fulani, namna ya kulipia kunyamaza. Silisemi hili kukulaumu, kwani umefanya ambayo ndugu wa damu hawakuyafanya. Nauliza tu ili ujipime: ingekuwaje kama mtoto angelijua jambo hili tangu zamani, nawe ungekuwa huru kumsimulia mamake kila Idi? Je, kupunguza shilingi 5,000 zikawa 2,000 kungekutia uchungu huu unaousikia sasa?

Kuna neno lako jingine lililonisimamisha. Unasema hukumwahidi S. lolote. Hata hivyo unaishi kama mtu anayedaiwa ahadi, na deni lisiloandikwa ndilo gumu kulijua limekwisha lini. Kwa kuwa hukuwekewa masharti na marehemu, unao uhuru wa kuuliza leo urafiki wenu unataka nini kutoka kwako, na huenda jibu likawa tofauti na lile la mwaka mtoto alipokuwa wa kubebwa. Zamani alihitaji maziwa na nguo. Sasa anahitaji karo, naam, lakini ameketi sakafuni mbele yako akakuomba kitu ambacho hakiuzwi.

Nigeukie kwa Mama, maana naona haya kumjadili mwanamke mzima kana kwamba hayupo. Unasema anaficha ili mtoto asijione muuaji. Naamini ndivyo ilivyoanza. Lakini mama anayejifungia chumbani siku hiyo kila mwaka anajilinda pia yeye mwenyewe. Hatujui anajiuliza nini akiwa mle ndani. Pengine anajiuliza kama walichelewa kwenda hospitali, kama angebaki naye usiku ule, kama angepiga kelele zaidi kwa wauguzi. Wafiwa wengi wa vifo vya namna hii hubeba maswali kama hayo, nao hawayatoi kwa sababu hakuna aliyewauliza. Kwa hiyo usiende kwake ukidhani unakwenda kujadili cheti. Kabatini mna karatasi, lakini hofu iko kwingine.

Sasa tuyatazame yale unayoweza kufanya, pamoja na hatari zake.

Unaweza kufuata shauri la mume wako. Si shauri la kipuuzi, kwani ni kweli kwamba siri hii si yako peke yako, na mlezi wa mtoto mbele ya jamaa na majirani ni bibi yake. Lakini linajengwa juu ya dhana kwamba mtoto hajui. Mwanangu, msichana wa miaka 12 aliyepanga maswali yake matatu kwa utaratibu ule, kwanza saa ya kuzaliwa, kisha siku ya kifo, kisha bibi kujifungia, amekwisha fanya hesabu na anataka kuona nani atakayeisahihisha. Inawezekana hajui kila kitu. Pengine mwenzake alimtupia neno chuoni au shuleni. Ukinyamaza, siri itaendelea kuwa siri kwako na kwa Mama, na yeye atabaki nayo peke yake, jambo ambalo ndilo hasa Mama alilokuwa akiliogopa tangu mwanzo.

Unaweza kumwambia mwenyewe, kesho, bila kumshirikisha mtu. Dadako angependezwa, na mtoto huenda akakushukuru. Lakini baada ya kumwambia wewe utavuka daraja la Nyali kurudi kwako, naye atalala katika nyumba ile ile na bibi ambaye mtoto sasa anajua kuwa alimdanganya, na bibi hatajua kwa nini mjukuu amegeuka. Tena Mama akija kugundua, mlango unaoutumia kumfikia mtoto unaweza kufungwa. Siwezi kukuambia usifanye hivyo kamwe. Yapo mazingira ambayo mtu hulazimika. Sioni kwamba umefika hapo.

Ipo njia ya katikati, na sikufichi kwamba moyo wangu unaelekea huko, ingawa wewe ndiye unayewajua watu hawa. Ni kumwendea Mama kwanza, peke yako, bila fomu mkononi, na kumweleza maneno ya mtoto kama yalivyo. Usiongeze wala usimshauri. Mrudie tu maswali yale kwa mfuatano wake, umwambie pia jibu ulilompa na jinsi alivyokuangalia. Unaweza kuanza kwa kosa lako: «Mama, mtoto aliniuliza nami nikamwongopea, na tangu siku hiyo silali.» Mtu mzima anayeambiwa hivyo ana nafasi ya kusema «hata mimi», ambayo hana akiambiwa «ulikosea». Hatari ni kwamba anaweza kukasirika, akalia, au akakataa kabisa kulizungumza. Akikataa, usimshindilie siku hiyo. Huenda akahitaji siku, huenda akahitaji mtu wa rika lake anayemheshimu, labda yule mwalimu wenu wa chuo kama yu hai, au mkunga wa mtaa, amkalie kwa upole. Na huenda akataka awe yeye mwenyewe atakayemwambia mjukuu, nawe uketi tu pembeni. Ukipewa nafasi hiyo ya pembeni ichukue, wala usiione ndogo.

Siku itakapofika, maneno yatakayotumika yana uzito kuliko ujasiri wa kuyasema. Swali la kwanza la mtoto, alitamke au asilitamke, litakuwa: ni mimi? Jibu lake lipo, na ni jibu la kweli. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za vifo vya wanawake katika uzazi duniani. Mara nyingi hutokea pale ambapo mfuko wa uzazi, baada ya mtoto na kondo la nyuma kutoka, unashindwa kujikaza na kuibana mishipa iliyokuwa ikilisha kondo. Damu ikifika mililita 500 katika saa 24 za kwanza, madaktari huihesabu kuwa hatari, na inaweza kufika huko haraka sana. Wakati huo mtoto amekwisha kukatwa kitovu na kuviringishwa nguo, yuko pembeni analia au amelala. Hana mkono wowote katika jambo lile. Mwambieni hivyo kwa maneno mepesi. Na kwa kuwa ninyi ni Waislamu, anaweza kuambiwa pia kwamba mwanamke anayefariki katika uzazi huhesabiwa miongoni mwa mashahidi, na kwamba dua ya mtoto mwema ni katika yale machache ambayo hayakatiki kwa mzazi aliyekufa. Mtoto huyo amekuwa akimwombea mamake bila kujua kwamba siku yake na ya mamake zimekaribiana. Huenda kujua kukampa kitu cha kushika, si cha kubeba.

Hata hivyo, naomba msianze na kifo. Wewe mwenyewe umesema anamjua mamake kwa picha na kwa ugonjwa. Anza sasa hivi, kabla ya mazungumzo yoyote makubwa, kwa yale ambayo hayana siri wala hayahitaji ruhusa ya mtu: mwalimu aliyemchapa kwa sababu ya rangi ya mabuyu, utingo aliyewatoza mara mbili, kicheko cha hadi Marikiti. Bibi anamkumbuka S. kama binti, ni wewe unayemkumbuka kama mwenzako wa kucheka, na mambo hayo ukifa nayo hakuna atakayeyajua. Sidhani kuna kitu katika barua yako chenye thamani kuliko hicho, na ajabu ni kwamba hukukihesabu katika yale unayotoa.

Kuhusu pesa nitasema machache, kwa kuwa hapo njia ni wazi zaidi. Mwambie Mama kiasi unachoweza, kwa hesabu kamili na kabla mwezi haujafika, badala ya kupunguza kimya kimya naye akabaki kukisia kwa nini. Mume wako awepo, au angalau ajue umesema nini. Fomu ya basari hujazwa na mtu mzima, na nakala ya cheti inaweza kuingizwa katika bahasha bila kupitia mikononi mwa mtoto. Hilo litawapa muda, ingawa halitawaondolea swali. (Katika dini yetu yatima ni aliyefiwa na baba, lakini fomu za serikali humhesabu pia aliyefiwa na mama, kwa hiyo Mama asione kwamba anamtangazia mtoto wake uyatima usio wake.) Ulizeni basari ya kaunti na ile ya eneo bunge, zote mbili, na mwone chifu au mzee wa mtaa kwa barua ya kuthibitisha ulezi kabla ya kukimbizana na tarehe ya mwisho. Halafu yuko baba. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulelewa na wazazi wote wawili, wawe walioana au la, na Mahakama ya Kadhi hapa Mombasa husikiliza mambo ya familia za Kiislamu. Simaanishi mkimbilie mahakamani. Inawezekana wazee wa upande wake wakazungumza naye kwa simu na ikatosha. Lakini nimeshangaa kidogo kuona kwamba katika barua ndefu namna ile baba amepewa sentensi moja, nawe umejitwika zilizobaki. Pia hukutaja wenzenu wa chuo. Walikuwapo wasichana wengine katika mkeka ule, na pengine mmoja wao angependa kuulizwa.

Kama kutoa kidogo ni kuchoka na urafiki, utajibu mwenyewe siku utakapomwambia mtoto huyo, «Naam, nakumbuka vyema. Ilikuwa Jumapili, alfajiri.»

Ukienda kwa Mama, nenda baada ya Alasiri, wakati mabuyu yamepoa na hana haraka. Chukua ule upande wa leso ulio sandukuni. Umeniambia uko wapi wako, lakini wa S. hukuutaja. Muulize Mama uko wapi.